Pikapu mpya: ulipie nini, uache nini?

Ndugu yangu, kama mzigo ni nazi na mihogo ya Kwale kuleta soko la Kongowea, Mombasa, chukua singo kebini (yenye safu moja ya viti) ya dizeli. Dabo kebini, yenye safu mbili za viti, hula nafasi ya mzigo, labda uwe unabeba na familia. 4x4, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, lipia tu ikiwa barabara ya shamba hugeuka tope wakati wa masika. AC usiikatae, joto la Februari unalijua! Rimu za kung'aa wachia vijana.

Pesa zinazobaki zipeleke chini ya gari: chasisi ipakwe dawa ya kutu kabla hujaichukua, maana hewa yetu ina chumvi. Na ukitia tandiko la plastiki nyuma, lifunue mara kwa mara. Maji hutuama chini yake na bodi huoza kimyakimya.