Baruti ya akiba ya jeshi: maswali yenu kuhusu kujaza upya risasi

Niko Texas. Nimenunua kopo la baruti ya jeshi lililoandikwa WC 846. Nifuate vipimo vya baruti gani?

WC ni kifupi cha Western Cartridge, kampuni ya Marekani iliyobuni baruti ya chembe za mviringo miaka ya 1930. WC 846 ni ndugu wa BL-C(2) inayouzwa madukani, kama WC 844 ilivyo ndugu wa H335. Lakini undugu huo haukupi ruhusa ya kunakili kipimo. Baruti ya dukani huchanganywa kiwandani hadi kila toleo liungue karibu sawa na lililotangulia. Ya jeshi haikufanyiwa hivyo: kiwanda cha risasi kilipokea toleo, kikalipima shinikizo, kisha kikaongeza au kupunguza uzito wa baruti mpaka mwendo uliotakiwa upatikane. Makopo mawili ya WC 846 yanaweza kutofautiana sana.

Kwa hiyo nakili kwanza namba ya toleo, na usichanganye matoleo kamwe. Chukua kitabu cha vipimo, tafuta BL-C(2) kwa uzito uleule wa kichwa cha risasi, uanze na kipimo cha chini kabisa. Kwa ganda la ukubwa wa .308, panda kwa greni 0.3 hadi 0.5 kila hatua (greni 7,000 hufanya ratili moja). Maganda ya jeshi ya 7.62 (ukubwa unaolingana na .308) mara nyingi yana kuta nene na nafasi ndogo ndani, hivyo shinikizo hupanda mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kipima mwendo ni cha lazima hapa. Risasi ikifikia mwendo wa juu uliotajwa kitabuni, umefika mwisho, hata kama mzani unaonyesha bado una greni mbili za kuongeza. Simama pia ukiona bolti inafunguka kwa shida, fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) imebapa hadi kingo zake, au kitako cha ganda kina alama inayong'aa ya kisukuma-ganda. Dalili hizi huchelewa. Zikionekana, tayari umevuka mpaka.

Kopo halina lebo, ila vijiti vyake vinafanana kabisa na baruti yangu ya 4831. Si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana, na mfano wako ndio mbaya kuliko yote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua shehena za baruti ya jeshi na kuwauzia wajazaji. 4831 yake ilikuwa ya mizinga ya milimita 20. Mwaka 1973 kampuni ya DuPont ilitoa IMR 4831, vijiti vilevile na namba ileile, lakini inaungua kwa kasi zaidi. Aliyetumia kipimo cha juu cha ile ya kwanza kwa hii ya pili alizidisha shinikizo. Hizo zilikuwa na lebo! Isiyo na lebo haina matumizi. Umbo, rangi na harufu haviwezi kukuambia kasi ya kuungua.

Nitajuaje imeharibika?

Baruti isiyoharibika ina harufu ya etha au spiriti. Iliyooza ina harufu kali ya asidi inayochoma pua, vumbi jekundu kama kutu, na kopo lililoliwa kwa ndani. Ndani ya risasi, ganda huota ukijani. Sababu ni kwamba nitroselulosi, kiini cha baruti, huvunjika polepole na kutoa gesi za nitrojeni zenye asidi; kiungo cha kuizuia kikiisha, asidi hiyo huharakisha uozo wenyewe, na joto linaweza kupanda hadi baruti iwake peke yake. Ukiona moshi wa kahawia au kopo lina joto, usiliguse, ondoka na uite zimamoto. Kiasi kidogo kilichopoa kinaweza kutawanywa juu ya nyasi kikawa mbolea.

WC 872 ni ya bei nafuu. Naweza kuipunguza iwe risasi nyepesi ya mazoezi?

Usifanye hivyo. Ni baruti ya mizinga, nzito kuwaka. Inataka ganda kubwa lililojaa, kichwa kizito na fataki kali. Ukiipunguza, huwaka nusu, kichwa hukwama mtutuni, na risasi inayofuata hupasua bunduki.

Babu ameacha risasi za .303 za enzi za mkoloni huku Kenya. Tunaweza kutoa baruti yake?

Nyingi za Uingereza zina kodaiti, nyuzi ndefu zenye nitrogliserini zilizowekwa kabla ganda halijabanwa shingo. Haina kipimo cha kujazia. Isitoshe, kumiliki risasi kunahitaji leseni. Msizivunje wala kuzichoma. Ziacheni zilipo, mwite polisi waje kuzichukua.