Kabla ya Hombolo, pitia Gelai

Vijana wengi wanaoanza kutengeneza modeli za matetemeko hapa Dodoma huja na ombi moja: wapewe ufa wa Hombolo, Bubu au Fufu. Nawaelewa, nyufa zipo jirani na jiji linajengwa kila kukicha. Ila kwa kujifunzia, hapa ni pagumu. Tetemeko la ukubwa wa 5 likitokea kina cha kilomita 10, uso wa ardhi husogea milimita chache tu. Sentinel-1, setilaiti ya rada, hutumia wimbi la sentimita 5.6, hivyo ukilinganisha picha zake mbili, mzunguko mmoja wa rangi ni sentimita 2.8 za ardhi kusogelea setilaiti au kuikimbia. Milimita zako zitamezwa na mvuke wa maji ulioko angani. Ukilazimika, chukua picha za kiangazi, ya kabla na ya baada. Za Januari hadi Machi zitakuchosha bure.

Anza na Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, Julai 2007. Tetemeko kubwa kuliko yote lilifika 5.9, tarehe 17. Mawimbi ya tetemeko kwenye vipimatetemeko yalionyesha ufa ambao upande wake mmoja umeshuka, jambo la kawaida kwenye Bonde la Ufa. Picha za rada zikaleta mengine: ardhi ilikuwa imesogea kupita kiasi ambacho matetemeko yale yangeweza kusababisha. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza chini kwa chini kama ukuta uliosimama wima. Anayetumia mawimbi peke yake hapo atachora ufa mzuri na kuikosa habari yenyewe.

Halafu nenda Bukoba, 10 Septemba 2016. Ukubwa ni uleule 5.9, lakini kina ni kama kilomita 40. Rada haina la maana la kukuambia. Kazi yote ni ya vipimatetemeko.

Kwa hiyo msiniulize data ipi ni bora. Kipimatetemeko hurekodi sekunde za mpasuko, wakati jozi ya picha hubeba siku zote zilizopita kati yake, pamoja na ufa kuendelea kuteleza kimyakimya. Nguvu ya tetemeko uliyoipata kwa rada ikizidi uliyoipata kwa mawimbi, usikimbilie kurekebisha namba mpaka zilingane (wengi hufanya hivyo usiku wa kuamkia kukabidhi ripoti). Kwanza tafuta kilichotokea siku hizo. Tumia picha za setilaiti ikipanda kaskazini na ikishuka kusini, maana kila moja huangalia kwa upande wake, na mwendo wa kaskazini–kusini zote mbili huuona kwa shida.

Na ile ramani ya rangi inayoonyesha ufa uliteleza wapi zaidi, mimi huwa siiamini mpaka ijaribiwe. Tunga tetemeko la uongo, zalisha data zake kwa vituo na picha ulizo nazo, ongeza kelele (makosa ya vipimo), kisha uone kama modeli italirudisha. Sehemu zisizorudi, zipake kijivu kwenye ripoti.