Mnaoanza kusoma mikakati ya majini, silaha iwe swali la mwisho

Wadogo zangu, wengi wenu mnakuja darasani na video za droni kwenye simu, mkibishana ipi ina kasi zaidi. Mimi huuliza kwanza: nani aliiona meli, na alimwarifu nani?

Anzeni na Königsberg, kwa kuwa iko hapa kwetu. Manowari hiyo ya Wajerumani iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ambako manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa maji. Julai 1915 zikaletwa Severn na Mersey, meli zilizoweza kupita maji machache, zenye mizinga mikubwa. Wapiga mizinga hawakuiona shabaha yao. Ndege ndiyo iliyokuwa juu ikiwaarifu kwa redio kila kombora lilipoangukia, na hata ilipopigwa, mwangalizi aliendelea kutuma masahihisho huku ikishuka. Königsberg ikaishia hapo.

Sasa nendeni Bahari Nyeusi. Februari 2024 Ukraine, isiyo na manowari kubwa, ilizizamisha meli za kivita za Urusi, Ivanovets na baadaye Tsezar Kunikov, kwa vyombo vya majini visivyo na mtu, Magura V5, vyenye urefu wa mita tano na nusu hivi. Urusi ilikuwa imekwisha kuhamishia meli zake nyingi Novorossiysk, bandari yake iliyo mbali zaidi. Lakini insha ikiishia kwenye droni, naikata alama. Uturuki ilitumia Mkataba wa Montreux wa 1936 kuzizuia manowari za pande zinazopigana kupita milango yake ya kuingilia Bahari Nyeusi, kwa hiyo Urusi haikuweza kuleta nyingine za kuziba pengo. Karatasi ya zamani nayo ilipigana. Tena, kumnyima adui bahari si kuitawala: nafaka ya Ukraine inatoka bandari ya Odesa, ila Ukraine haiwezi kushusha jeshi Crimea, rasi iliyotwaliwa na Urusi.

Kuhusu gharama, msiishie kulinganisha bei ya droni ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, na ya kombora la Marekani linaloitungua, ingawa pengo ni kubwa mno. Manowari ya Marekani ya aina ya Arleigh Burke ina makasha ya makombora 90 au 96, na kwa kawaida hayajazwi tena baharini. Yakiisha, inaondoka vitani. Inakwenda bandari ipi, ya nani, umbali gani? Hilo nalitaka ukurasa wa kwanza.