Maswali ya Safari: Kilomita 1,700 kwa ajili ya ngamia?

SWALI: Mambo vipi dada wa safari. Mi nasoma Brisbane, mwaka wa pili huu, na wenzangu wawili tumepanga Julai twende Boulia, kamji ka huko ndani magharibi mwa Queensland, Australia, tukaangalie mbio za ngamia, halafu hela ikiruhusu tuunganishe hadi Bedourie na Birdsville. Gari tuliyonayo ni ndogo, ya mmoja wetu, si fo-wili. Kuna wanaosema tutafika, kuna wanaosema tutalia. Wewe huko ulishapita, tuambie ukweli. Halafu hivi kweli inafaa kwenda mbali hivyo kisa ngamia?
*Mwanafunzi, Brisbane*

JIBU: Poa mdogo wangu. Naanza na hilo la mwisho maana ndo naulizwa kila siku. Mbio zenyewe ni fupi mno, zile za mchujo ni mita 400 na zinaisha hata dakika haijafika, ukiinama kufunga kamba ya kiatu umeshazikosa. Fainali ya Boulia ndo ndefu, mita 1,500. Sasa mtu akipiga hesabu ya kilomita 1,700 za kwenda tu kwa ajili ya mita 1,500 anaona hawa watoto wamechanganyikiwa.

Ila raha yake haiko kwenye kukimbia, iko kwenye kuanza. Ngamia hajali kama kuna mbio. Kila mmoja ana watu wake wanamvuta kumpanga kwenye mstari, huyu kapangwa yule kageuka, yule kageuzwa huyu kakaa chini na anapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta, na watu jukwaani wanasubiri tu na kofia zao. Nilimwona mmoja, wenzake wameruhusiwa wakaondoka na vumbi, yeye akageuka taratibu akaanza kurudi alikotoka kama mtu aliyesahau funguo nyumbani, na mpandaji wake yupo nyuma ya nundu (huko wanakaa nyuma ya nundu, sio juu) kang'ang'ania anavuta kamba mpaka kofia imemdondoka, na ngamia wala habari hana. Aliyeshinda simkumbuki. Huyo namkumbuka vizuri sana.

Na mkiwa pale muangalie miguu. Ngamia kwenye mwendo wa kawaida anapeleka ya kulia yote miwili pamoja kisha ya kushoto yote miwili, ndo maana aliye juu anayumba kama yupo kwenye ngalawa. Akichanganya mbio kweli kweli hapo ni habari nyingine, anaweza kufika kilomita 60 kwa saa kwa kipande kifupi.

Haya, gari. Brisbane, Longreach, Winton hadi Boulia ni lami, kagari kenu katafika. Ila kutoka Winton kwenda Boulia, kama kilomita 360, kuna vipande lami yake ni upana wa gari moja tu, na huko wana malori ya kuunganisha matela yanayofika mita 53.5 kwa urefu. Mkimwona anakuja mbele msijifanye na nyie mna haki, punguzeni mwendo, tokeni nje ya lami kabisa, simameni, msubiri mpaka vumbi litulie ndo mrudi barabarani, maana nyuma yake anaweza kuwepo mwingine. Jazeni tanki Winton, msianze kubahatisha kwamba katikati mtapata, katikati kuna Middleton ambayo ni hoteli moja na nyika yake basi.

Kuanzia Boulia kushuka Bedourie (kama kilomita 200) na Birdsville (karibu 200 nyingine) mambo yanabadilika, kuna lami inakuja inakata, mnaingia kwenye changarawe yenye mawe makali yanayochana tairi ubavuni. Kwa gari yenu mi nasema hapana. Fanyeni Boulia tu mwaka huu. Na mkisema basi tukodi, someni mkataba mpaka mwisho, makampuni mengi bima yao inakoma pale lami inapokoma. Mi niligundua hilo nimeshapasua kioo. Waliponitajia bei ya kile kioo nilikaa chini.

Wakipatikana wa fo-wili basi chukueni tairi za spea mbili sio moja, kipima upepo na pampu kwa sababu kwenye changarawe mnapunguza upepo na mkirudi kwenye lami mnajaza tena, maji mengi, na simu ya setilaiti ya kukodi, maana netiweki mnaiacha mjini na mnaipata mji unaofuata. Gari likizima kaeni na gari. Nasema tena, kaeni na gari, linaonekana kwa ndege, mtu haonekani.

Kingine watu wanakidharau, jioni. Saa kumi na moja muwe mmeshaegesha. Kangaruu wanatoka kula pembeni mwa barabara jua likizama na wanaruka kuelekea kwenye taa, sijui ni kwa nini wasikimbie upande wa pili. Na Julai ni baridi jamani, jangwa kwenye picha ni jua kali ila usiku mnalala kwenye hema meno yanagongana.

Mvua je? Kule chini ni tambarare kabisa, mito kama Georgina na Diamantina ikijaa inatapakaa kama chai iliyomwagika mezani, na maji yanaweza kuwa ya mvua iliyonyesha kaskazini siku kadhaa nyuma wakati kwenu mbingu ni bluu. Barabara ikiwekewa kibao cha kufungwa imefungwa, ukipita ni faini kubwa.

SWALI: Mwanangu, mjukuu wangu ananiambia Australia kuna ngamia. Mimi nijuavyo kule ni kangaruu. Hao ngamia walifikaje? Na je huko nako wanawapandisha watoto wadogo kama nilivyosikia Uarabuni?
*Bibi wa Tanga*

JIBU: Shikamoo bibi. Mjukuu kasema kweli. Wa kwanza alishushwa Adelaide mwaka 1840, mmoja tu. Kisha 1860 msafara wa wavumbuzi Burke na Wills ulitoka Melbourne na ngamia zaidi ya 20, na baada ya hapo wakaletwa kwa maelfu, pamoja na watu wa kuwaendesha. Watu hao waliitwa Waafghani wote kwa jumla ingawa wengi walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Walibeba sufu, chakula na nguzo za telegrafu jangwani kote. Mji wa Marree, Australia Kusini, walijenga msikiti wao wa udongo na miti, na Marree nayo ina mbio zake za ngamia Julai. Hata treni ya The Ghan ya Adelaide hadi Darwin jina lake linatokana na wao.

Miaka ya 1920 malori yakaingia, ngamia hawana kazi, wengi wakaachiwa porini. Wakazaana, bibi. Wakazaana mpaka sasa Australia inaongoza duniani kwa ngamia wa porini, na kati ya 2009 na 2013 serikali iliendesha mpango uliopunguza kama 160,000. Wa kwenye mbio wengi ni hao hao, wanakamatwa na kufundishwa.

Kuhusu watoto, niliowaona mimi Boulia walikuwa watu wazima, na wakidondoka wanacheka wenyewe. Uarabuni ulichosikia kilikuwa kweli na kilikuwa kibaya, watoto waliletwa kutoka Asia ya Kusini na Sudan. Falme za Kiarabu na Qatar walipiga marufuku, na tangu 2005 hivi anayekaa mgongoni ni roboti dogo lenye kiboko, mwenyewe anaendesha gari pembeni ameshika rimoti.

SWALI: Dada, nasikia Boulia usiku kuna taa zinafuata magari. Ni majini?
*Mwoga wa Dodoma*

JIBU: Zinaitwa Min Min, na mji wenyewe unajitangaza kwa hizo taa. Mwaka 2003 Profesa Jack Pettigrew wa Chuo Kikuu cha Queensland alieleza kwamba ni mwanga wa mbali sana, taa za gari kwa mfano, unaopindwa na hewa ya baridi iliyolala chini ya hewa ya joto, hivyo unauona juu ya upeo wakati chanzo chake kiko chini ya upeo kabisa. Aliwapeleka wenzake wakajionea kwa kutumia gari lililoegeshwa kilomita kama 10.

Mimi nililala pale usiku tatu na sikuona taa hata moja. Ila nilivyosikia kitu kinapumua nje ya hema saa nane usiku sikukumbuka profesa yeyote. Alikuwa ngamia, kafungua kamba.