Jumapili bila magari Kigali si Umuganda

Kuna wanaodhani barabara za Kigali, mji mkuu wa Rwanda, hufungwa Jumapili kwa ajili ya Umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kijamii. Hapana ndugu, si hivyo. Umuganda ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi: watu wanatoka mtaani kwao kuchimba mitaro, kupanda miti, kisha wanakaa kikao. Hiyo ya Jumapili ni siku ya bila magari, iliyoanzishwa na Jiji la Kigali mwaka 2016. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi, baadaye ikawa mara mbili.

Nimekaa Kigali na nilikuwa nakimbia siku hizo za bila magari. Barabara kubwa chache zinafungwa asubuhi tu, si mji mzima, na kabla ya mchana magari yamesharudi. Kilichonigusa zaidi ni meza za kupima presha na sukari bure: unakuta mama mzee kavaa kitenge na raba, ametoka kutembea, amenyoosha mkono apimwe huku mjukuu wake akizunguka na kibaiskeli katikati ya lami. Mtoto yule anajifunza kwamba barabara ni yake pia.

Ukienda, angalia tangazo la jiji kwanza, maana njia zinazofungwa hubadilika.