Muulize Mwalimu: Asili ni ipi?

*Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Hisabati Gredi ya 7 katika shule moja hapa Kayole, darasa la wanafunzi 64. Tumefika kwenye ongezeko na upungufu wa asilimia na nimekwama. Niliwapa mkate uliopanda bei kutoka shilingi 50 hadi 60, karibu wote wakaandika asilimia 20. Nikafurahi. Nikawauliza, je, ukishuka tena kutoka 60 hadi 50? Wakaandika asilimia 20 vilevile, hata wale ninaowategemea. Swali la tatu ndilo lililonivunja moyo: bei imeongezwa kwa asilimia 20 ikawa shilingi 720, mwanzo ilikuwa ngapi? Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 576. Kanuni (mabadiliko kugawanya kwa bei ya mwanzo, kuzidisha kwa 100) wanaijua, wanaiimba. Niwaongezee mazoezi, au kuna mahali nimepotea njia?*
*Mwalimu wa Kayole*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mazoezi yaache kwanza. Hao waliokuandikia 576 wamepiga hesabu sawasawa: asilimia 20 ya 720 ni 144, na ukiitoa 144 kwenye 720 inabaki 576. Kuzidisha wanajua, kutoa wanajua. Wasichojua ni kwamba ile 20 haikuwa 20 ya 720. Ilikuwa 20 ya bei ambayo haikuandikwa kwenye swali, na mtoto akiona namba moja tu mbele yake, ataishika hiyohiyo.

Nikueleze jinsi nilivyolielewa jambo hili, kwa maana sikulipata chuoni. Mimi ni mzaliwa wa Vanga, pwani ya Kenya, na binamu zangu walisoma Tanga, ng'ambo ya mpaka. Sisi tulifundishwa hesabu kwa Kiingereza, wao kwa Kiswahili. Likizo moja binamu yangu alinisimanga kwamba sijui hata majina ya namba mbili za sehemu, kama 1/2. Namba ya juu, akasema, ni kiasi, na ya chini ni asili. Nikalichukua kama neno la watu wa Tanga, yakaishia hapo.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikifundisha Eastlands. Darasani mwangu alikuwemo msichana aliyemsaidia mama yake kuuza mitumba Gikomba kila Jumamosi. Kwenye zoezi kulikuwa na sweta lililonunuliwa shilingi 200 likauzwa 300, faida ni asilimia ngapi? Aliandika 33. Nikamtia mkasi, ile alama ya kosa. Wakati wa mapumziko nikamwita, nikamuuliza kwa Kiswahili kama watu wanavyoulizana sokoni: mama yako akinunua sweta mia mbili, akaliuza mia tatu, amepata nini? Hakusita. "Amepata nusu ya pesa yake, mwalimu."

Nusu ya pesa yake! Asilimia 50, jibu lenyewe, na alikuwa nalo kichwani tangu alipoanza kusimama kando ya belo la mama yake. Kwenye daftari aligawanya kwa 300 kwa sababu 300 ndiyo namba kubwa, na mimi na kanuni yangu hatukuwahi kumwambia kwa nini iwe 200. Siku hiyo neno la binamu likanirudia. Pesa ya mama, ile aliyoingia nayo sokoni, ndiyo asili. Asili hukaa chini.

Kwa Kiingereza namba ya chini ya sehemu na bei ya mwanzo zina majina mawili yasiyojuana. Kwetu jina ni moja. Hata neno asilimia lenyewe, litazame: asili na mia zinaonekana humo waziwazi. Tunaichukua asili, yoyote iwayo, tunaihesabu kama mia, kisha tunauliza mabadiliko ni mangapi kati ya hiyo mia. Najua somo lako ni la Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Swali hili moja liulize kwa Kiswahili hata hivyo, kila mara, kabla ya kalamu kugusa karatasi: asili ni ipi? Jibu wataliandika kwa lugha ya mtihani.

Sasa twende kwenye kipindi chako cha kesho. Tafuta kalenda za mwaka jana au katoni, ukate kanda za sentimita 20, ukanda mmoja kwa kila kundi. Wachore vyumba 10 kwa rula, kila chumba sentimita 2. Ukanda mzima ni asili. Kila chumba ni asilimia 10 yake. Bei ikipanda kwa asilimia 20, wanabandika vyumba viwili mwishoni, kwa gundi na kwa mikono yao. Vyumba vimekuwa 12. Waulize: ile 720 iko wapi kwenye ukanda huu? Wapo watakaokuonyesha vyumba 10 vya kwanza. Nyamaza. Ngoja mwenzao aseme kwamba 720 ni bei baada ya kupanda, kwa hiyo ni vyumba vyote 12. Akishasema hivyo kazi imekwisha: 720 kugawanya kwa 12 ni 60, na asili ni vyumba 10, yaani shilingi 600. Anayeng'ang'ania 576 mwambie aipandishe tena. Asilimia 20 ya 576 ni 115.20, jumla 691.20. Atajionea mwenyewe kwamba hajafika 720.

Ukanda huo usiutupe, maana bado una jibu la mkate wako. Waambie sasa bei irudi ilikotoka. Tunatoa vyumba vingapi? Viwili. Viwili kati ya vingapi? Hapa utasikia kimya kidogo, kisha mmoja atasema kati ya 12. Moja ya sita, karibu asilimia 16.7. Ndivyo ulivyo mkate: shilingi 10 juu ya asili ya 50 (yaani 10 kugawanya kwa 50) ni asilimia 20, lakini shilingi 10 hizohizo juu ya asili ya 60 ni 16.7. Safari ya kurudi ina mwanzo wake, na unapoanzia ndipo penye asili.

Baada ya hapo napenda sana kuleta nauli, kwa sababu hakuna mtoto wa Nairobi asiyejua mvua ya jioni inavyofanya kituoni. Sema nauli ni shilingi 50, mvua ikanyesha, makanga akataja 80. Kesho yake jua likawaka, ikarudi 50. Kabla ya hesabu yoyote, waulize: asilimia ya kupanda na ya kushuka, ni ipi kubwa, au ni sawa? Wapigie kura kwa mikono. Darasa la watoto 64 litapiga kelele, na mwalimu wa jirani huenda akachungulia dirishani. Waache. Dakika 10 za ubishi huo nazithamini kuliko ukurasa mzima wa maswali. Kisha wahesabu: 30 juu ya 50 ni asilimia 60 kupanda, 30 juu ya 80 ni asilimia 37.5 kushuka. Waliosema ni sawa wataanza kuulizana wenyewe pesa nyingine zimekwenda wapi, na jibu ni kwamba hakuna shilingi hata moja iliyopotea.

Kanuni yako ije hapo, mwishoni, ikiwa muhtasari wa kitu walichokishika. Na wenye kasi waonyeshe kuzidisha kwa mkupuo mmoja: vyumba 12 juu ya 10 ni 1.2, hivyo kuongeza asilimia 20 ni kuzidisha kwa 1.2. Kurudi kwenye asili ni kugawanya kwa 1.2, si kuzidisha kwa 0.8. Ukiwapa 1.2 kabla ya ukanda, watakuwa na kanuni mbili za kukariri badala ya moja.

Unaposahihisha, mpe alama anayeandika asili sahihi hata kama kugawanya kumemshinda. Sielewi kwa nini tunawanyima watoto alama kwa lile jambo gumu walilolipata, kisha tunawapa alama kwa jepesi.

Wakishaiva, wape habari za kweli. Julai 1, 2023, hapa Kenya, ushuru wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye mafuta ya petroli ulitoka asilimia 8 ukawa 16. Waulize: uliongezeka kwa kiasi gani? Atakayesema pointi 8 za asilimia, yaani 16 kutoa 8, yuko sawa. Atakayesema asilimia 100, kwamba uliongezeka maradufu, naye yuko sawa, asili yake ni ule ushuru wa 8. Kisha waulize la tatu: bidhaa ya shilingi 100 kabla ya VAT, mnunuzi alilipa 108, kisha akalipa 116, bei yake ilipanda kwa asilimia ngapi? Ni 8 juu ya 108, karibu 7.4. Jambo ni moja, majibu ni matatu, na yote ni ya kweli kwa sababu kila moja limetaja asili yake. Mtoto wa miaka 13 anayeweza kuyatenganisha hayo matatu ataisoma habari ya bei kwa namna ambayo wakubwa wengi hawawezi. Hicho ndicho ninachokitamani tunapofundisha somo hili.

Kwa namba kubwa, tumia sensa. Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369 mwaka wa 2009, na 4,397,073 mwaka wa 2019. Wakadirie kwanza bila kikokotoo: nyongeza ni milioni moja na robo hivi, asili ni milioni tatu na ushei, basi ni zaidi ya theluthi na haifiki nusu. Jibu kamili ni asilimia 40.1. Aliyekadiria kwanza akipata 28.6 atashtuka, na akichunguza ataona amegawanya kwa watu wa 2019.

Nakuomba uniandikie baada ya wiki mbili uniambie ukanda umekupeleka wapi.

*Mwalimu, nauza viatu vya mtumba soko la Toi. Mwanangu wa Gredi ya 8 aliniambia nipandishe bei kwa asilimia 30, halafu mteja akibembeleza nimpunguzie asilimia 30, nitarudi palepale. Nimefanya hivyo wiki nzima na pesa hazitoshi. Kosa ni langu au ni lake?*
*Mama wa viatu, Toi*

Dada yangu, pole. Hesabu ndiyo iliyoteleza, na huteleza kwa wengi. Kiatu cha 1,000 ukikiongeza asilimia 30 kinakuwa 1,300. Mteja akipunguziwa asilimia 30, hiyo ni 30 ya 1,300, yaani 390. Unabaki na 910. Kila jozi ya namna hiyo imekutoa shilingi 90 chini ya bei uliyoitaka. Ukitaka kurudi kwenye 1,000 toka 1,300, mwisho wa kupunguza ni shilingi 300, ambazo ni asilimia 23 tu na kidogo. Ushauri wangu: sokoni punguza kwa shilingi, achana na asilimia. Amua mapema kwamba kiatu hiki hakishuki chini ya 1,000, basi.

Kijana usimgombeze. Amejaribu kuitumia elimu yake kwenye meza ya mama yake, na hilo ni jambo la kushukuru. Kaa naye jioni moja na noti halisi. Aweke 1,000 mezani, aongeze 300, kisha atoe 390 kwa mkono wake. Na muulize alipotoa, alikuwa akihesabu 30 ya pesa ipi.

*Mwalimu, je, kitu kinaweza kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 100? Rafiki yangu anasema haiwezekani kwa sababu 100 ndiyo yote. Na kupungua je?*
*Mwanafunzi wa Gredi ya 9, Githurai*

Mwanangu, swali zuri. Kuongezeka hakuna kikomo. Nauli ya 50 ikifika 150, nyongeza ni 100 juu ya asili ya 50, yaani asilimia 200. Angalia hapo: imekuwa mara tatu, lakini ongezeko ni asilimia 200, si 300, kwa kuwa ile 50 ya kwanza ulikuwa nayo tayari. Kwenye kupungua rafiki yako ana haki. Bei ya 50 ikipungua asilimia 100 imefika sifuri, na makanga hawezi kukubeba kisha akulipe. Mchoree rafiki yako chumba kimoja cha asili, umwongezee viwili pembeni, kisha umwambie avitoe kimoja kimoja. Avihesabu kwa sauti.