Maswali na Majibu: Ndege ya Mfano ya Kasi Inayoongozwa kwa Nyaya

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mjomba wangu ameniachia ndege ndogo ya mfano ambayo haina magurudumu. Nusu ya chini ya kiwiliwili chake ni ya madini mepesi, nusu ya juu ni ya mbao, na kwenye ncha ya bawa la kushoto zinatokeza nyaya mbili fupi zenye vitanzi. Injini ina kichwa chekundu kilichofifia na imekwama, haizunguki hata kidogo. Naomba mnisaidie kujua hii ni ndege ya aina gani, ni ya wakati gani, na kama inaweza kurushwa tena.

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo ni ndege ya mfano ya mashindano ya kasi, na huongozwa kwa nyaya. Rubani husimama katikati ya duara akishika mpini, na kutoka kwenye mpini huo nyaya mbili za chuma huenda hadi ndani ya ndege, ambako hushikwa na kipande bapa chenye pembe tatu kiitwacho belkrenki. Rubani akiinamisha au akiinua kiganja, kipande hicho huzunguka kwenye skrubu yake na kusukuma ubapa wa mkiani unaoipandisha na kuishusha ndege. Hakuna redio wala njia nyingine ya kuiongoza. Mtindo huu ulienezwa nchini Marekani na Jim Walker wa Portland, Oregon, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na haukupita muda mrefu kabla ya watu kuanza kushindana ndege ya nani ina mbio zaidi.

Ukosefu wa magurudumu ndio ushahidi wa kwanza. Magurudumu hukinza hewa, kwa hiyo wajenzi wa ndege za kasi waliyaondoa kabisa, wakaiweka ndege juu ya kigari chepesi ambacho kilibaki ardhini mara ndege ilipopaa. Mafuta yalipokwisha, ilitua kwa tumbo. Ndiyo sababu nusu ya chini ni sahani ya kusubu, ya alumini au ya magnesi: hubeba injini, hupunguza mtetemo, na hustahimili kusuguana na ardhi. Tafuta kigari hicho kati ya vitu vya marehemu. Mara nyingi ni fremu ya waya mnene yenye magurudumu matatu, na watu wengi huitupa kwa sababu haifanani na sehemu ya ndege.

Kuhusu wakati, injini itakueleza mengi kuliko umbo la ndege. Tazama nyuma ya pangaboi. Ukiona platini (viunganishi vidogo vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche) na mkono mdogo wa kurekebisha wakati wa cheche, injini hiyo ilibuniwa kutumia plagi ya cheche, pamoja na koili, kondensa na betri zilizobebwa ndani ya ndege. Mwaka 1947 Ray Arden alileta sokoni plagi ya joto, ambayo waya wake mwembamba huwashwa kwa betri ya nje na kisha hubaki mwekundu kwa joto la mwako wenyewe. Uzito wote wa koili na betri ukaondoka kwa mara moja, na ndege za kasi zikawa ndogo na nyembamba zaidi. Hata hivyo, wamiliki wengi waling'oa platini za injini zao za zamani na kuzifungia plagi mpya, kwa hiyo chunguza kama ndani ya kiwiliwili kuna nafasi tupu iliyotosha betri, au matundu ya skrubu yasiyo na kazi. Alama hizo zikiwepo, yaelekea ndege ilijengwa kabla ya badiliko hilo.

Kichwa chekundu kinaelekeza kwenye injini za McCoy za Marekani, zilizojulikana kwa jina la Red Head, na iliyotukuka zaidi kati yake ni McCoy 60, yenye ujazo wa takribani sentimita za ujazo 10. Mshindani wake mkubwa alikuwa Dooling 61. Injini hizi mbili ziliendesha pia magari madogo ya mbio yaliyofungwa kwa kamba na kuzunguka mlingoti. Nakusihi usiridhike na rangi peke yake, kwa sababu vichwa vya silinda vilibadilishwa mara kwa mara. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa bodi ya injini. Ikiwa kweli ni ya ujazo wa 10, basi ndege yako ilikuwa ya daraja D, daraja kubwa kuliko yote katika mashindano ya Marekani ya miaka hiyo.

Nyaya mbili zina maana yake pia. Victor Stanzel wa Schulenburg, Texas, alibuni mfumo wa waya mmoja tu, ambao rubani huusokota badala ya kuuvuta, na kwa kuwa waya mmoja hukinza hewa kidogo kuliko nyaya mbili, wapenda kasi wengi waliufuata. Yako haikufuata njia hiyo. Mabawa nayo yakiwa sawa kwa urefu kushoto na kulia, hilo ni dalili nyingine ya uzee, kwani ndege za kasi za siku hizi hurefusha bawa la ndani na kulifupisha au kuliondoa kabisa la nje. Jina la ndege yenyewe huenda usilipate kamwe. Wajenzi wengi walinunua sahani ya chini na injini tu, kisha wakachonga mengine kwa michoro yao, hivyo tazama ndani ya sahani kama kuna jina au namba iliyosubiwa humo. Usiipake rangi upya. Rangi ya zamani, namba za mashindano na hata mikwaruzo ya tumboni ni habari ambazo hazitapatikana mahali pengine.

Sasa nije kwenye kuruka, na hapa ninaomba usome polepole. Ndege inayozunguka huvuta nyaya kwa nguvu inayokua kwa mraba wa kasi. Tuseme ndege yako ina uzito wa gramu 900 na inazunguka kwenye nyaya za mita 21.34, ambazo ni futi 70, kipimo kilichotumika kwa injini kubwa. Kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, itavuta kama mzigo wa kilo 13. Kwa kilomita 240, mzigo huo unafika kilo 19, yaani zaidi ya mara 20 ya uzito wake. Mzigo wote huo hupita kwenye skrubu moja ya belkrenki na nyaya mbili nyembamba ambazo zimekaa ndani ya bawa kwa miongo mingi. Waya hula kutu hasa pale unapopenya mbao, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa maoni yangu hakuna mjadala hapa: badilisha nyaya zote, za ndani na za nje, badilisha belkrenki na skrubu yake, na uzihifadhi za zamani kwenye bahasha pamoja na ndege. Kisha ishike ndege mahali ilipofungiwa injini, unganisha nyaya, na uzivute kwa mizani ya kuning'iniza hadi mara mbili ya mzigo uliokokotoa. Kitu chochote kikilia au kikisogea, haitaruka.

Sahani ya chini ichunguzwe kwa kioo cha kukuzia, hasa kuzunguka matundu ya kufungia injini, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Unga mweupe juu ya magnesi ni ulikaji; usiuondoe kwa moto wala usipige msasa karibu na cheche, maana vumbi la magnesi huwaka vikali mno. Pangaboi la mbao lililokuja na ndege liwe la maonyesho tu. Mbao kavu iliyozeeka inaweza kupasuka kwenye mizunguko mingi, na kipande chake hurushwa kwa nguvu ya kujeruhi vibaya.

Injini yako imekwama, na sababu ya kawaida ni mafuta ya mbarika yaliyoganda kama gundi. Usiilazimishe kwa koleo. Itoe kwenye ndege, iondolee vitu vya mpira na plastiki, ipashe joto la wastani, tia mafuta mepesi na uiache; rudia mpaka ilegee yenyewe. Kwa injini ya plagi ya joto, anza na mchanganyiko wa methanoli asilimia 75 na mafuta ya mbarika asilimia 25, bila nitromethani, ambayo huongeza nguvu lakini pia huchosha beringi na pistoni za zamani. Injini ya cheche hutumia petroli sehemu tatu kwa sehemu moja ya mafuta mazito ya injini. Tangi nalo litazamwe: bomba la kunyonya mafuta liwe kwenye kona ya nje na ya nyuma, kwa sababu mzunguko husukuma mafuta kuelekea huko. Likiwa mahali pengine, injini itazimika tangi likiwa bado na mafuta.

Uzito wa ndege ulingane kwenye robo ya kwanza ya upana wa bawa au mbele yake kidogo, na ubapa wa mkiani uchezeshwe kwa nafasi ndogo tu. Chagua siku isiyo na upepo na uwanja ulio mbali na nyaya za umeme, kwani waya wa chuma ukigusa umeme rubani hufa. Mpini ufungwe kwenye kifundo cha mkono kwa ukanda, na watu wakae mbali na duara, kwa kuwa waya ukikatika ndege huondoka ikinyooka kutoka pale ilipokuwa. Sindano ya mafuta, yaani skrubu inayorekebisha mafuta yanayoingia kwenye injini, ifunguliwe kidogo zaidi ya inavyohitajika ardhini, maana ndege ikishika kasi pangaboi hupungukiwa na mzigo, injini hupandisha mizunguko na mchanganyiko huwa mkavu, yaani hewa nyingi na mafuta machache.

Ndege ikiachwa na msaidizi, usiing'oe kwenye kigari. Iache ipae yenyewe. Ikifika kilomita 240 kwa saa, itamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde mbili, nawe utakuwa unazunguka nayo. Itazame ndege peke yake, kwa kuwa anayetazama mandhari ya nyuma hupata kizunguzungu na kuanguka. Kabla ya siku hiyo, ni muhimu mno ujifunze kwa ndege ya mazoezi iliyo nyepesi na ya polepole, chini ya mtu aliyezoea, kwa kuwa ndege ya kasi haikupi nafasi ya kusahihisha kosa. Injini ikizimika, rudi hatua moja au mbili nyuma ili nyaya zibaki zimekaza, uishike ndege sambamba na ardhi hadi tumbo liguse.

SWALI: Je, kasi ya ndege hizi hupimwaje, na rubani hawezi kuiongeza kwa kuivuta kwa mkono?

JIBU: Hupimwa kwa saa ya kupimia muda na hesabu ya mizunguko. Kwenye nyaya za futi 70, mizunguko 12 ni karibu sawasawa na maili moja, kwa hiyo mizunguko hiyo ikichukua sekunde 24 kasi ni maili 150 kwa saa. Katika daraja la kimataifa la injini za sentimita za ujazo 2.5, nusu kipenyo cha duara ni mita 17.69 na mizunguko tisa hutimiza kilomita moja. Kuhusu kuvuta, ndiyo, rubani anayetanguliza mkono mbele ya ndege huiongezea kasi isiyotoka kwenye injini. Kuzuia hilo, mlingoti mfupi wenye uma husimikwa katikati ya duara, na kifundo cha mkono wa rubani lazima kikae ndani ya uma huo muda wote saa inapohesabu.